Saa Inahesabu Hatua, Haijui ni Hatua za Nani

Kipindi chetu kilichopita kiliisha kwa ugomvi. Ugomvi wa kirafiki, lakini ugomvi. Swali lilikuwa dogo tu: je, kuvaa saa janja kunaboresha kweli maisha ya kila siku, au ni bangili ya gharama inayokupigia kelele? Wawili kati yetu walisema hawawezi tena kuishi bila hicho kitu. Mmoja alisema yake inalala kwenye droo ya soksi tangu mwaka jana. Mimi nilikaa katikati, nikaambiwa kukaa katikati ni woga, basi niandike nieleze ninachoamini.

Haya, naandika. Na nitaanza na jibu ili usichoke kusubiri: saa janja inamsaidia mtu mwenye nafasi ya kubadilisha kitu. Ikikuambia umekaa sana, na wewe unaweza kusimama, imekusaidia. Ikikuambia umelala kidogo, na leo unaweza kulala mapema, imekusaidia. Lakini kama saa zako si zako, kama kuna mtu mwingine anayepanga uamke lini na usimame kwa muda gani, basi hiyo saa inakusomea tu habari ambazo mwili wako ulishakuambia.

Etterbeek ina asubuhi mbili

Tunaoishi Etterbeek tunaujua mji huu kwa saa zake. Kuna Etterbeek ya saa kumi na moja alfajiri, na kuna Etterbeek ya saa mbili asubuhi. (Kwa wale ambao Kiswahili chenu ni cha mezani tu: saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Kwa hiyo 05:00 kwenye kioo ni saa kumi na moja, na 08:00 ni saa mbili. Ongeza au toa sita, utafika. Na ndiyo, neno ni moja tu: saa ya mkononi ni saa, na muda wenyewe ni saa. Litunze hilo, litatufaa mbele.)

Asubuhi ya pili ndiyo inayoonekana kwenye matangazo. Watu wanatoka kukimbia kwenye bustani ya Cinquantenaire, pale mpakani, taa ya kijani ikimulika chini ya saa. Mwezi wa nne na wa tano wanaongezeka, maana mwishoni mwa Mei kuna mbio za kilomita 20 za Brussels, ambazo zimekuwa zikikimbiwa tangu 1980 na huanzia hapohapo Cinquantenaire. Wakimaliza wanasimama, wanabonyeza saa, wanaangalia. Wengine wanateremka hadi Place Jourdan kula chipsi na kurudisha kalori zote walizoambiwa wamechoma.

Asubuhi ya kwanza haina matangazo. Ni tramu namba 81 pale La Chasse bado giza, ni metro ya Thieffry na Mérode. Akina mama wenye mifuko mikubwa, vitambaa kichwani, macho nusu yamefumba. Ukisikiliza utasikia Kiswahili, Lingala, Kirundi, Kireno, Kipolandi. Wanakwenda kusafisha ofisi kabla ya wenye ofisi kufika.

Siku hizi asubuhi zote mbili zinavaa saa ileile. Hapo ndipo swali letu linapoanza kuwa swali la kweli.

Elfu kumi ilitoka wapi?

Karibu kila mtu anajua lengo la hatua 10,000 kwa siku. Wengi tunadhani kuna madaktari walioketi mahali wakapima, wakaamua. Hapana, bwana. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni ya Yamasa huko Japani ilianza kuuza kifaa cha kuvaa kiunoni cha kuhesabu hatua. Kiliitwa Manpo-kei, na jina lenyewe maana yake ni kipima hatua elfu kumi. Namba nzuri, rahisi kukumbuka, rahisi kuuzia. Sayansi ilikuja baadaye kuangalia kama ina maana.

Na ilipokuja, ilikuta mambo ni mepesi kuliko tangazo. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na I-Min Lee wa Harvard walichapisha matokeo ya wanawake karibu 17,000 wa Marekani, wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufariki katika miaka ya utafiti kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kupanda mpaka kama hatua 7,500, halafu ikatulia. Kwa hiyo bibi yako anayekwenda sokoni na kurudi kwa miguu hana deni na mtu.

Je, saa yenyewe inamfanya mtu atembee zaidi? Hapa lazima niwe mwadilifu kwa wenzangu wa upande ule: ndiyo, kidogo. Mwaka 2022 jarida la Lancet Digital Health lilitoa mapitio yaliyokusanya tafiti nyingi zenye washiriki zaidi ya 160,000. Waliovaa vifaa hivi waliongeza takriban hatua 1,800 kwa siku. Uzito ulipungua kwa kama kilo moja. Si muujiza, lakini si bure.

Upande wa pili, mwaka 2016 kuna majaribio ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh yaliyofuata vijana wapatao 470 waliotaka kupunguza uzito. Wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi. Kundi moja likaongezewa kifaa cha kuvaa mkononi. Baada ya miaka miwili, wenye kifaa walikuwa wamepungua kilo 3.5 kwa wastani. Wasio na kifaa, kilo 5.9. Umesoma vizuri: waliokosa kifaa ndio waliopungua zaidi.

Ukizisoma hizo mbili pamoja unaona kwamba saa inasukuma kidogo, na inategemea inamsukuma nani, kuelekea wapi.

"Inanipongeza kwa kudeki?"

Mama yangu ana miaka 61, na anafanya usafi wa ofisi. Sisi watoto tulichanga tukamnunulia saa janja kwa sababu ana presha na sisi tuna wasiwasi. Akaipokea vizuri, akaomba dua, akaivaa mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto ni wa bangili zake na bangili hazihami.

Wiki ya kwanza alirudi saa nne asubuhi, akakaa kwenye kochi, akanyoosha miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu njoo uniangalizie hii kitu, imetetemeka njia nzima."

Nikaangalia. Kioo kilikuwa kinarusha fataki. Hatua elfu kumi na nne na kitu, lengo limevukwa, hongera. Nikamwambia, mama, inakupongeza.

Akaiangalia saa, kisha akaniangalia mimi. "Inanipongeza kwa kudeki?"

Kesho yake jioni, saa mbili usiku, tayari amepanda kitandani maana ataamka saa tisa na nusu, ikamtetemekea tena. Safari hii ilitaka kumkumbusha kwamba bado hajafikisha dakika zake za mazoezi za leo.

Fikiria hapo. Ukihesabu hatua, mama ni mwanariadha. Ukihesabu dakika za mazoezi, mama ni mvivu. Siku ileile, mwili uleule, mkono uleule.

Saa haikosei kwa maana ya hesabu. Kudeki kweli ni hatua, na kweli mapigo ya moyo wake hayapandi vya kutosha kuitwa mazoezi. Kasoro iko kwenye kile isichoweza kukijua: kwamba hatua zile amezitembea ameinama, amebeba ndoo, ghorofa baada ya ghorofa, bila kuketi, kwa sababu saa moja na nusu asubuhi ofisi lazima ziwe zinang'aa.

Jambo hili lina jina kwa watafiti. Mdenmark mmoja, Andreas Holtermann, na wenzake wamelichunguza kwa miaka. Mwaka 2021 walichapisha katika European Heart Journal matokeo ya watu 104,046 wa Copenhagen. Waliojishughulisha sana kwenye muda wao wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo na ya kufa mapema. Waliojishughulisha sana kazini walikuwa na hatari kubwa zaidi. Na hiyo ni hata baada ya watafiti kuzingatia mambo kama elimu, kipato na sigara.

Maelezo wanayoyatoa yanaeleweka kirahisi ukishamwona mtu anayefanya kazi ya mikono. Mazoezi ya starehe ni mafupi, makali, halafu unapumzika. Moyo unapanda, unashuka, unajijenga. Kazi ni ndefu na ya taratibu, masaa mengi bila kupumzika vizuri, unabeba, unainama. Presha inakaa juu mchana kutwa. Na kesho yake unarudi kabla mwili haujajirudi. Halafu kuna jambo moja kubwa kuliko yote: mkimbiaji wa Cinquantenaire akichoka anasimama. Mama akichoka, ghorofa ya tano bado ipo.

Kwa hiyo ukimwambia mzazi wako "lakini mama wewe unafanya mazoezi sana kazini!", kwa nia njema kabisa, unamwambia kitu ambacho utafiti unakikataa.

Mahali ambapo saa inastahili sifa

Nisije nikaonekana nimeandika ili kuitukana saa. Kuna mambo matatu ambayo mimi nayaheshimu.

La kwanza ni mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, yale ambayo moyo unadunda hovyo bila mdundo unaoeleweka. Hatari yake ni kiharusi, na watu wengi hawasikii dalili yoyote. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya utafiti uliofadhiliwa na Apple wenye watu 419,297 waliovaa saa za kampuni hiyo. Waliopata taarifa ya mapigo yasiyo ya kawaida walikuwa 2,161, yaani nusu ya asilimia hivi. Wale kati yao waliovaa kipimo cha hospitali na kukirudisha, asilimia 34 walikutwa nayo kweli. Theluthi moja si wengi, lakini kama ni baba yako, theluthi ni nyingi sana. Na kwa kitu hiki huhitaji hata saa: kampuni moja ya hapa Ubelgiji, kutoka Hasselt, ilitengeneza programu ya FibriCheck inayopima mdundo ukiweka kidole juu ya kamera ya simu. Kwa vyovyote vile, si simu wala saa inayotoa hukumu. Zinakutuma kwa daktari.

La pili ni kuanguka. Tangu 2018 baadhi ya saa zinatambua mvaaji akianguka vibaya, na asipojigusa zinapiga namba ya dharura, ambayo kwetu ni 112. Kwa mzazi anayeishi peke yake, hiyo peke yake inaweza kutosha.

La tatu ni dogo na ndilo mama analolipenda kuliko yote: anaona nani anapiga simu bila kuvua glavu. Kabla ya hapo alikuwa anavua, anakausha mikono, anafika, simu imekatika, na ilikuwa ni Kigoma. Sasa anatupa jicho tu. Kama ni shangazi, anapokea. Kama ni mtu wa michango, anaendelea kudeki. Mwulize mama kama saa imeboresha maisha yake, atakutajia hilo, na kengele ya maharage.

Vipi kuhusu ngozi yetu?

Swali hili liliulizwa kipindini na hatukulijibu vizuri, basi tulijibu.

Saa nyingi zinapima mapigo kwa kumulika taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma mwanga unaorudi. Damu inapopita, mwanga unaorudi unapungua kidogo, na saa inahesabu. Sasa, melanini, ile inayotupa weusi wetu, nayo hunyonya mwanga wa kijani. Kwa hiyo wasiwasi una msingi wake.

Matokeo yako mchanganyiko. Stanford walipima vifaa saba mwaka 2017 wakakuta makosa ni makubwa zaidi kwa ngozi nyeusi, pamoja na sababu nyingine kama uzito wa mwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipochunguza mwaka 2020 hawakuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi. Walichoona wao ni kwamba saa inakosea zaidi mkono ukiwa kwenye mwendo kuliko ukiwa umetulia.

Oksijeni ya damu ni habari nyingine, na hapa kuwa makini. Mwishoni mwa 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti juu ya vile vipimo vya kubana kidole vya hospitali. Kwa wagonjwa weusi, kipimo kilisema oksijeni iko sawa wakati iko chini karibu mara tatu zaidi ya ilivyotokea kwa wagonjwa weupe. Hivyo ni vifaa vya hospitali, si vya mkononi, lakini kanuni ni ileile ya mwanga kwenye ngozi. Kama mtu wako anahema kwa shida, usisubiri kioo kikuruhusu kwenda hospitali.

Na kalori? Katika utafiti uleule wa Stanford, kifaa bora kuliko vyote kilikosea kalori kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya kuliko vyote kwa asilimia 93. Kwa hiyo chipsi za Place Jourdan zile kwa sababu unazipenda. Usiziombee ruhusa kwa saa.

Usingizi unaotafutwa kwa wasiwasi

Hapa nitapita haraka. Mwaka 2017 madaktari wa usingizi huko Marekani walianza kuandika juu ya wagonjwa wanaokuja na grafu za saa zao, wana hofu kwamba hawalali vizuri, na hofu yenyewe inawanyima usingizi. Wakaipa hali hiyo jina, *orthosomnia*. Kama wewe unaamka umepumzika, halafu unafungua simu, unaona alama 58, na ghafla unajisikia umechoka, basi unajua ninachosema.

Kwa anayeamka saa tisa usiku kwenda kazini, ushauri wa "jaribu kulala saa nane kila usiku" unachekesha kwa dakika moja tu. Baada ya hapo unachosha.

Habari zako za mwili zinakwenda wapi?

Hili ni la kwetu kabisa, kwa maana ya ujirani. Google ilipotangaza mwaka 2019 kwamba inainunua Fitbit kwa dola bilioni 2.1, uamuzi wa Ulaya ulifanywa na Kamisheni, ambayo makao yake ni Berlaymont, upande wa pili wa bustani yetu. Mwezi Desemba 2020 Kamisheni ilikubali, kwa masharti. Mojawapo: kwa miaka kumi Google isitumie data za afya za Fitbit za watu wa eneo la uchumi la Ulaya kulenga matangazo yake.

Kwa nini ikupashe? Kwa sababu inaonyesha kwamba mapigo ya moyo wako ni mali ambayo watu wazima wenye suti wanakaa mezani kuipangia masharti. Na miaka kumi ina mwisho.

Pia unayo haki mwenyewe. Sheria ya Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu Mei 2018, inaziweka habari za afya kwenye kundi la kulindwa zaidi, na inakupa haki ya kuomba nakala ya kila kitu ambacho kampuni inakijua juu yako. Sisi tuliitumia haki hiyo, na ndipo saa ya mama ilipofanya kazi kubwa kuliko zote.

Grafu aliyoibeba mama

Tulipakua data zake za miezi miwili. Dada yangu, ambaye anapenda majedwali kuliko watu, akaacha hatua kabisa, akachora kitu kimoja tu: dakika ngapi kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu asubuhi mama anakuwa ametulia. Kwa siku nyingi, jibu lilikuwa karibu na sifuri. Mapigo ya moyo yamepanda kidogo, yamekaa hapohapo, hayashuki mpaka anapoingia kwenye tramu.

Mama alituangalia tukishangaa. "Si nimekuwa nikiwaambia miaka yote?" Ni kweli, alikuwa akituambia. Lakini karatasi ina heshima ambayo mgongo wa mama hauna, hiyo ndiyo dunia.

Hapa Ubelgiji mfanyakazi ana haki ya kuomba mwenyewe kumwona daktari wa kazini, bila kusubiri kuitwa na bila kulipa. Anaweza pia kuomba mwajiri asijulishwe. Wazazi wetu wengi hawalijui hilo, au wanalijua na wanaogopa. Mama alikwenda. Daktari alimpima presha kwa mashine ya mkanda, akaiangalia ile grafu, akauliza maswali kuhusu ndoo na ngazi, akaandika mapendekezo mawili: mkokoteni wa magurudumu badala ya kubeba ndoo mkononi, na mapumziko ya kukaa katikati ya zamu.

Mkokoteni umekuja. Mapumziko bado yanajadiliwa na kampuni anayoifanyia kazi, na wanajadili polepole, kama watu waliokaa.

Kwangu mimi hapo ndipo saa ilipoboresha maisha ya kila siku. Haikuwa kwa kumpongeza wala kumkumbusha kusimama. Ilifanya hivyo ilipogeuka kuwa shahidi, na kukawa na mtu upande wa pili mwenye uwezo wa kubadilisha kitu, na watoto wenye muda wa kukaa naye kwenye kiti cha kusubiri na kutafsiri Kifaransa cha daktari.

Kama unataka kumnunulia mzazi wako

Najua wengi wenu mmeshaanza kuangalia bei. Kabla hujalipa:

*Jiuliza tutafanya nini na namba.* Kama jibu ni "tutaziangalia tu", hela hiyo inunulie tiketi ya kwenda kumtembelea.

*Kama tatizo ni presha, anza na mashine ya mkanda wa mkononi.* Saa nyingi hazipimi presha, na zile zinazopima zinaweza kuhitaji kulinganishwa na mkanda kila wiki nne. Kwa hiyo utanunua mkanda tu.

*Zima fataki.* Lengo la hatua kwa mtu wa kazi ya mikono ondoa kabisa, au liweke kwa siku zake za mapumziko peke yake. Acha simu, kengele, kuanguka na mapigo ya moyo.

*Angalia wiki, usiangalie siku.* Mapigo ya mtu aliyepumzika yakipanda polepole kwa wiki kadhaa, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari. Namba moja ya Jumanne mchana si kitu.

*Mweleze kwa Kiswahili nani anaona nini.* Kama umewasha kipengele cha kuona yuko wapi, mwambie, na akikataa, kizime. Yeye ndiye aliyekulea. Heshima hiyo haina programu.

Halafu kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji kuchajiwa. Kaa na mama, au baba, au shangazi, uwashe kinasa sauti, na umuulize: siku yako ya kazi inaanza saa ngapi, na katika hizo saa zote, ngapi ni zako? Akikubali, tutumie sauti yake. Kipindi kijacho tunataka kusikiliza wao wakihesabu.